Msimu mmoja wa mbio za baiskeli za milimani Afrika Kusini: niliyojifunza, kwa vijana wa Kigoma wanaotaka kujaribu

#1. Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Nimerejea Kigoma majuma matatu yaliyopita, baada ya kukaa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kuanzia Machi hadi Agosti nikishiriki mbio za baiskeli za milimani. Tangu niteremke kwenye treni haijapita siku bila kijana wa Mwanga au wa Ujiji kunisimamisha na kuniuliza baiskeli ya namna ile inauzwa shilingi ngapi. Swali hilo ni la haki na nitalifikia, lakini naomba kwanza niseme jambo ambalo lingeniokolea miezi miwili kama mtu angeniambia kabla sijaondoka: sisi watu wa huku tunajua kupanda mlima, ila kushuka hatujafundishwa.

Nilipokuwa najiandaa, zoezi langu kubwa lilikuwa kutoka Kibirizi, ziwani, penye kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kupitia Mwandiga hadi Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa, mara tatu kwa wiki. Anayeimaliza njia ile bila kuteremka kwenye baiskeli ana mapafu ya kumtosha popote atakapokwenda. Kushuka sikukuhesabu kuwa zoezi. Nilikuwa narudi kwa lami huku nimepumzika, mikono kwenye breki, nikiwaza chakula cha nyumbani.

Mbio yangu ya kwanza ilikuwa ya mizunguko, yaani njia ya kilomita kama 4 inayorudiwa mara kadhaa, ambayo washindi huimaliza kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Katika mwinuko wa kwanza niliwapita watu kumi na mmoja. Tulipofika juu njia iliingia msituni, ikawa kijia chembamba chenye mizizi iliyolowa, kisha pakawa na mawe matatu yaliyopangana kama ngazi, la mwisho likiwa na kimo cha goti langu. Nilibana breki zote mbili kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, likaanza kuteleza upande, nami nikaweka mguu chini kama tunavyofanya huku kila siku. Wale kumi na mmoja wakanipita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiomba njia kwa adabu, na nyuma yao wakaja wengine ambao sikuwa hata nimewaona. Ikawa hivyo kila mzunguko. Nilichokipata kwa kuumiza kifua dakika 5 nilikuwa nakirudisha kwa sekunde 40.

Mwalimu aliyekuwa akitusimamia kwenye kituo cha mazoezi nilichokaa alinitazama siku mbili bila kusema neno, kisha akanikataza kupanda mlima kwa wiki mbili nzima. Alinipeleka kwenye mteremko mmoja wa mita kama 60, wenye kona mbili na jiwe moja, akaniambia niushuke mara ishirini kila asubuhi, na baiskeli niipandishe kwa kuisukuma ili nisipate nafasi ya kujisifu kwa miguu yangu. Pale ndipo nilipojifunza kusimama juu ya pedeli zikiwa sawasawa, moja mbele na moja nyuma, badala ya moja kuning'inia chini na kugonga jiwe. Nilijifunza kuweka kidole kimoja tu kwenye kila breki, vidole vingine vishike usukani. Nilijifunza kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa sababu tairi linalopinda na kubanwa breki kwa wakati mmoja halina nguvu ya kufanya yote mawili. Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni macho. Mimi nilikuwa naliangalia jiwe lililo mbele ya gurudumu, na baiskeli huenda yanakotazama macho. Siku nilipoweza kuinua kidevu na kutazama mahali ninapotaka kutokea, mita kumi mbele, lile jiwe lilipita chini yangu nikalisahau.

Jambo la pili ni upepo wa matairi. Huku tunajaza mpaka tairi linakuwa gumu kama gogo, na tuna sababu, maana baiskeli zetu hubeba magunia ya mkaa na madumu ya mawese. Nilikwenda na mazoea hayo nikajaza PSI 40 (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu). Tairi gumu juu ya mzizi uliolowa huruka na kuteleza, wakati tairi lenye upepo wa kiasi hujikunja, likaukumbatia mzizi. Kwa uzito wangu wa kilo 64 na matairi mapana yasiyo na tyubu, mwalimu alinishusha hadi PSI 21 mbele na 23 nyuma. Sikuamini. Nilipoushuka mteremko ule ule nilihisi kama ardhi imewekewa mkeka.

La tatu linahusu kanuni, na kijana asipoijua itamvunja moyo. Katika mbio za mizunguko zinazofuata kanuni za shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, mtu aliyeachwa na kiongozi kwa asilimia 80 ya muda ambao kiongozi alitumia kwenye mzunguko wa kwanza huondolewa njiani. Ukisema kiongozi alitumia dakika 13, basi ukiachwa dakika 10 na sekunde 24 unaelekezwa pembeni, na matokeo yako yanaandikwa kwamba umebakiza mizunguko kadhaa. Mbio yangu ya kwanza niliondolewa ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Nilidhani nimefanya kosa, nikamwendea mwamuzi kumwomba radhi, na yeye kwa upole akanieleza kwamba sikukosea chochote, ila mwendo wangu ulikuwa wa polepole tu. Ongezeni na hili: mstari wa kuanzia hupangwa kwa pointi, kwa hiyo mgeni asiye na pointi huanzia nyuma kabisa, na njia ikishaingia kwenye kijia chembamba hakuna mahali pa kupita. Ndiyo maana dakika mbili za mwanzo, zile za barabara pana, ni mbio ndani ya mbio, na mtu hujizoesha kuzikimbia kwa nguvu zote wakati mwili bado haujawa tayari kuumia. Mimi nilizoea kuanza polepole kama mtu anayekwenda Kasulu.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

#2. Mdau wa Kasulu

Mkuu, asante kwa maelezo yaliyonyooka. Naomba utueleze kuhusu chakula. Nimewahi kushiriki mbio za barabarani hapa kwetu, nikala ugali mzito asubuhi na baada ya saa moja na nusu nikaishiwa nguvu kabisa, macho yakawa na giza. Je, wenzetu wanakula nini?

#3. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kasulu, lililokupata wewe lilinipata na mimi, katika mbio ndefu ya kilomita 70. Nilikunywa maji matupu saa nzima ya kwanza kwa sababu sikuhisi njaa. Kilomita ya 50 miguu ilikataa, nikakaa chini ya mti nikiwa na baridi ndani ya jua. Mwili huwa na akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kwa kasi ya mashindano akiba hiyo haifiki mbali. Njaa ikishakushika umechelewa.

Wenzetu hula kwa saa. Kiwango kinachotumika sana ni gramu 60 za wanga kwa saa kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, na waliojizoesha hufika gramu 90. Ili ufike 90 inabidi uchanganye aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo huzipokea kwa milango tofauti. Ukitumia glukosi peke yake, mlango wake hujaa ukifika kama gramu 60 na kinachobaki hukusumbua tumboni. Wao hununua vipakiti vya dukani. Mimi nilikuwa na lita tatu za asali ya nyuki wakubwa kutoka Tabora, ambayo shemeji yangu alinifungia kwenye dumu siku ninaondoka, na nilipoeleza ninachokitumia mwalimu alikubali mara moja, kwa kuwa sukari kuu za asali ni hizo hizo mbili. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Vijiko vinne kwenye chupa ya maji, na chumvi kidogo, vinakaribia gramu 70, na hicho ndicho kilichonifikisha mwisho wa msimu.

Angalizo: tumbo nalo hufundishwa. Usijaribu siku ya mbio kitu ambacho hukukitumia mazoezini. Ugali wako haukuwa na kosa, ila ule saa tatu kabla ya kuanza, na usiwe mwingi. Dagaa na maharage viache kwa ajili ya jioni.

Kwa kuwa umetaja asubuhi, niseme na baridi. Mwezi Juni na Julai nyanda za juu za KwaZulu-Natal huamka na sakitu juu ya majani. Mikono yangu ya Ziwa Tanganyika ilikufa ganzi nikashindwa kubana breki, na hapo ndipo nilipoanguka vibaya kuliko siku zote, nikachubuka paja kutoka nyonga hadi goti. Glavu nilikuwa nazo, zimekaa ndani ya begi.

#4. Fundi baiskeli, Ujiji

Kijana wetu, hongera. Mimi ni fundi kwa miaka mingi na najua kiraka, spoku na kunyoosha rimu. Hizo za breki za diski zimeanza kufika hapa, zinaletwa zimetumika. Vijana wananiletea breki haina nguvu, nami natia mafuta ya breki ya gari. Nyingine zinapona, nyingine zinaharibika kabisa. Tatizo liko wapi?

#5. Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito kuliko yote niliyotarajia kuulizwa humu, na jibu lake litaokoa breki za watu wengi.

Breki hizo za diski zinazotumia mafuta ziko za aina mbili. Kuna zinazotumia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT, ya namna ile ile ya gari, na kuna zinazotumia mafuta ya madini. Mpira wa ndani wa aina moja hauvumilii mafuta ya aina nyingine: huvimba, au hulegea, na breki haifai tena. Aina inayotakiwa mara nyingi imeandikwa kwenye mkono wa breki wenyewe, kwa herufi ndogo. Isome kabla hujafungua kifuniko, na isiposomeka usitie kitu mpaka umejua. Nadhani zile zilizopona zilikuwa za DOT.

Jambo jingine ambalo lilinigharimu. Nilipofunga baiskeli kwenye boksi kwa ajili ya ndege nilitoa magurudumu, na mtu akaubana mkono wa breki bila diski, lile bati la duara la kwenye gurudumu, kuwepo katikati. Pistoni zinazosukuma pedi zikatoka zikakutana, na nilipofika diski haikupita. Nilikaa usiku mzima nikizirudisha kwa bapa la plastiki, taratibu, kwa kuogopa kuzipasua. Siku hizi, kila ninapotoa gurudumu, nakunja kipande cha boksi gumu mara mbili nakichomeka pale kwenye nafasi ya diski. Boksi langu lilifika pia na kile kibati kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kikiwa kimepinda. Kibati hicho ni chepesi kwa makusudi, kivunjike chenyewe badala ya fremu, na si kila kibati hukaa kwenye kila fremu. Asafiriye abebe cha akiba, maana hakipatikani kila duka.

Kuhusu pedi za breki, zilizo laini hazina kelele na hushika vizuri kwenye njia kavu, ila tope la siku moja linaweza kuzimaliza. Mimi ziliniisha katikati ya mbio ya mvua. Nilisikia chuma kinasugua chuma, nikatazama chini, nikaona cheche ndogo na bati la pedi likiwa limebaki tupu. Zilizochanganywa na chembe za chuma hudumu zaidi majini, na kwa masika yetu nashauri hizo.

Matairi yasiyo na tyubu hutiwa ndani maji mazito ya kuziba matundu. Mwiba ukiingia, maji hayo hukimbilia tundu na kuganda. Tundu likiwa kubwa unasukumia utambi wa mpira kwa sindano, kama mafundi wa pikipiki wanavyofanya, na mtu aliyezoea hutumia chini ya dakika moja. Utaona, mzee wangu, kwamba kazi hii unaijua. Kilichobadilika ni vifaa.

Ufundi huu una uzito kwa sababu katika mbio za mizunguko msaada wa matengenezo hutolewa kwenye eneo maalumu. Ukiharibikiwa kwingine, mara nyingi unajitengenezea mwenyewe au unakimbia na baiskeli mkononi. Katika Olimpiki ya Paris 2024, Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha ya tairi la mbele, akabadilishiwa gurudumu kwenye eneo hilo, akarudi njiani akiwa ameachwa zaidi ya nusu dakika, na bado akachukua dhahabu. Mashindano yale niliyatazama tena na tena, na kila mara naiangalia ile dakika ya gurudumu.

#6. Mdau wa Tabora mjini

Nimesoma yote kwa makini. Nina mashaka mawili, na nayasema kwa nia njema. Kwanza, mchezo huu si wa watu wenye fedha? Pili, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yamefanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na Kigali iko karibu na Kigoma kuliko Dar es Salaam. Kwa nini vijana wasielekezwe barabarani, ambako njia imeshafunguka? Sisi wa Tabora hatuna hata mlima wa kutaja.

#7. Mwanzisha uzi

Mashaka yako yana msingi, kaka. Vifaa vya mchezo huu ni ghali na sitaki kumdanganya kijana yeyote. Baiskeli niliyoitumia haikuwa yangu. Niliazimwa na kituo kwa msimu mmoja na nimeirudisha. Hilo ndilo jibu la bei ambalo nimekuwa nikiulizwa: mimi mwenyewe nisingeweza kuinunua.

Lakini tazama nchi jirani uliyoitaja. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishiriki mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London 2012 na akazimaliza, tena ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Alikuwa mtu wa barabarani vilevile. Njia hizi mbili zinalishana, na mtu anayejua kushuka juu ya mawe hatishwi na kona ya lami iliyolowa. Afrika Kusini yenyewe imemtoa Alan Hatherly, aliyepata shaba Paris 2024 na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mbio za mizunguko kule Andorra. Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine katika umri wa miaka kumi na sita.

Kuhusu Tabora kukosa milima, naona mna kitu ambacho sisi hatuna: vijia vya msitu wa miombo vyenye mchanga, mizizi na visiki, kilomita kwa kilomita. Mchanga hufundisha kutuliza usukani na kuzungusha pedeli bila kukurupuka. Mbio za siku kadhaa huamuliwa sana na watu wa namna hiyo.

Nami nilishiriki mbio moja ya siku tatu ya watu wawili wawili. Cape Epic, ambayo ndiyo kubwa ya aina hiyo na hufanyika Western Cape kwa siku 8 tangu 2004, inawataka wenza wasiachane zaidi ya dakika 2, na hii ya kwetu ilikuwa na sharti linalofanana na hilo. Mwenzangu alikuwa Mzulu, mzito kidogo mlimani lakini hodari sana wa kushuka. Siku ya kwanza nilikuwa namwacha kwenye kila mwinuko, namsubiri juu nikiwa nimenuna, naye ananisubiri chini akiwa amenuna. Siku ya pili homa ilinianza njiani nikaificha, kwa sababu nimelelewa kwamba mwanamume halalamiki. Nilificha kwa kilomita 30, nikapunguza mwendo wetu sote wawili bila yeye kujua sababu, mpaka akasimama akaniwekea kiganja shingoni. Hakunilaumu. Alichukua mfuko wangu wa zana akaufunga kwenye baiskeli yake, akatangulia kukata upepo, nami nikakaa nyuma ya gurudumu lake mpaka jioni. Kesho yake tulipanda kwa mwendo wake na kushuka kwa mwendo wangu, tukamaliza tukiwa mbele kuliko siku zote mbili zilizotangulia.

#8. Mzazi, Mwandiga

Salamu kwenu nyote. Binti yangu ana miaka 15 na huenda shule kwa baiskeli. Amesoma uzi huu kwenye simu yangu na sasa anataka kujifunza kushuka. Mimi kama mama naogopa. Je, ana nafasi katika mchezo huu, na nifanye nini asiumie?

#9. Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Mbio za baiskeli za milimani zilipoingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta ziliingia za wanaume na za wanawake kwa pamoja, kwa hiyo nafasi yake ipo tangu mwanzo. Katika kituo nilichokaa wasichana walikuwa wengi, na mmoja wao mwenye miaka 17 ndiye aliyenionyesha kona ambayo nilikuwa nimeikosea mwezi mzima.

Hofu yako usiipuuze. Kofia ngumu iwe ya kumkaa kichwani sawasawa, ishuke hadi vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia iliyowahi kugongwa kwa nguvu haifai tena hata kama haionyeshi ufa, na kwa sababu hiyo msinunue iliyotumika. Breki zote mbili zikaguliwe, maana nyingi ninazoziona hapa zina ya nyuma peke yake, na kwenye mteremko ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kiti akishushe kama sentimita 5 anapofanya mazoezi ya kushuka, apate nafasi ya kurudisha kiwiliwili nyuma. Aanze kwenye mteremko ambao angeweza kuushuka kwa miguu akikimbia bila kuogopa, na asiongeze ugumu mpaka ameushuka huo mara kumi bila kuweka mguu chini.

Nimeupata mteremko wa kufaa nyuma ya Mwandiga, una urefu wa mita kama 50, ardhi yake ni nyekundu, una kona moja ya kushoto na mizizi ya mwembe. Mwenye shamba amekubali tupite pembeni ya mihogo yake. Jumamosi saa 12 asubuhi nitakuwa pale na kofia ngumu tatu za kuazimana, na nimezungumza kwa simu na fundi wa Ujiji, naye atakuja na sanduku lake. Njoo naye, mama, na yeyote aje na baiskeli aliyonayo, hata iwe ya kubebea mkaa, ilimradi tuitolee mzigo na breki ya mbele iwe inashika.